Mwongozo wa Kazi za Halmashauri ya Kijiji: Kuanzia Makabidhiano hadi Mkutano Mkuu

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wenyeviti wa vijiji, wenyeviti wa vitongoji na wajumbe wa halmashauri za vijiji vya Tanzania Bara, na hasa kwa wale walioingia madarakani kwa mara ya kwanza kupitia uchaguzi wa tarehe 27 Novemba 2024. Nchi ina vijiji zaidi ya 12,000 na vitongoji zaidi ya 60,000, na katika vingi kati ya hivyo kiongozi ni mkulima au mfugaji ambaye ghafla anatakiwa kusaini barua, kusimamia mipaka ya mashamba na kutunza fedha za wenzake. Mafunzo hutolewa, lakini ni mafupi, na mengi husahaulika kabla ya mvua za kwanza. Kilichomo hapa ni mtiririko wa kazi jinsi zinavyofuatana, kutoka kwa mtu aliyekaa miaka mingi kwenye meza ya mtendaji wa kijiji na kushuhudia kwamba migogoro mingi iliyogawa wanakijiji ilianzia kwenye uamuzi ambao uliandikwa vibaya au haukuandikwa kabisa.

Hatua ya kwanza: Elewa nafasi yako

Sheria mbili zinatosha kwa kuanzia, na kila ofisi ya kijiji iwe na nakala zake. Ya kwanza ni Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, na ya pili ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001.

Mamlaka ya juu kabisa katika kijiji ni mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Halmashauri ya kijiji huchaguliwa ili itekeleze kazi kwa niaba ya mkutano huo, na huwa na wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25, wakiwamo mwenyekiti wa kijiji, wenyeviti wa vitongoji vyote na wanawake wasiopungua robo ya wajumbe wote. Halmashauri hugawana kazi katika kamati tatu za kudumu, ambazo ni kamati ya fedha, uchumi na mipango, kamati ya huduma za jamii na shughuli za kujitegemea, na kamati ya ulinzi na usalama. Mjumbe asiyejua yumo katika kamati gani hajaanza kazi.

Afisa mtendaji wa kijiji ni mwajiriwa wa halmashauri ya wilaya na ndiye katibu wa halmashauri ya kijiji. Hana kura. Mwenyekiti huongoza vikao na kutetea maamuzi ya wanakijiji. Mtendaji huandika, hutekeleza na hutunza nyaraka. Nimeona vijiji vilivyokwama kwa miaka kadhaa kwa sababu viongozi hawa wawili walishindania mhuri, na nimeona vingine vidogo na maskini vikipiga hatua kwa sababu mwenyekiti na mtendaji walikubaliana tangu wiki ya kwanza nani anafanya nini. Kaeni chini mapema, mkiwa wawili tu, na mkubaliane siku za kufungua ofisi, mahali pa kutunza funguo, na nani atapokea simu za kata na wilaya.

Hatua ya pili: Fanyeni makabidhiano kwa maandishi

Uongozi mpya usikubali kupokea ofisi kwa maneno. Andaeni hati ya makabidhiano yenye orodha ya kila kitu kinachopokelewa, isainiwe na anayekabidhi, anayepokea na mtendaji wa kata kama shahidi. Katika orodha hiyo hakikisheni mmeona kwa macho mhuri wa kijiji, hati ya usajili wa kijiji, cheti cha ardhi ya kijiji kama kipo, ramani ya mipaka, vitabu vyote vya muhtasari vya miaka iliyopita, daftari la wakazi, sheria ndogo zilizopitishwa, daftari la fedha, taarifa za benki, na vitabu vya stakabadhi, vilivyotumika na visivyotumika, huku namba ya kwanza na ya mwisho ya kila kitabu zikiandikwa.

Mikataba isisahaulike. Kijiji kinaweza kuwa kimekodisha kiwanja kwa kampuni yenye mnara wa simu, machimbo ya kokoto kwa mkandarasi, au fremu za maduka kwa wafanyabiashara, na mikataba hiyo ikawa imelala nyumbani kwa kiongozi aliyeondoka. Ikiwa nyaraka yoyote haipo, iandikwe katika hati ya makabidhiano kwamba haikuonekana. Sentensi hiyo moja itawakinga miaka mitatu baadaye, mkaguzi atakapokuja kuuliza kitabu cha stakabadhi ambacho ninyi hamkuwahi kukishika.

Hatua ya tatu: Itisheni kikao cha halmashauri kila mwezi

Kikao cha kawaida cha halmashauri ya kijiji hufanyika mara moja kila mwezi. Chagueni siku isiyobadilika, isiyogongana na mnada wala siku za ibada, ili mjumbe anayeishi kitongoji cha mbali asihitaji kukumbushwa. Mtendaji apeleke taarifa ya kikao na ajenda kwa kila mjumbe angalau wiki moja kabla. Ujumbe wa simu unafaa, lakini nakala ya ajenda ibandikwe pia kwenye mbao za matangazo, kwa kuwa mwananchi ana haki ya kujua wawakilishi wake watajadili nini.

Ajenda isiwe ndefu. Kufungua kikao, kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita, yatokanayo na muhtasari huo, taarifa za vitongoji, taarifa za kamati tatu, mapato na matumizi ya mwezi, barua zilizopokelewa, na mengineyo. Kipengele chenye thamani kubwa kuliko vyote ni yatokanayo, kwa sababu hapo ndipo kila mtu aliyepewa kazi mwezi uliopita hueleza kama ameifanya. Kipengele hiki kikirukwa, kijiji kinarudia kujadili jambo lile lile mwaka mzima. Kinyume chake, mengineyo yadhibitiwe, kwani ni mlango ambao maombi ya ardhi na mikataba hupitishwa wakati wajumbe wamechoka na wengine wameshaanza kuondoka. Jambo lolote la ardhi au fedha likiibuka katika mengineyo, mwenyekiti aliahirishe hadi kikao kijacho liwekwe katika ajenda.

Kabla ya kufungua kikao, katibu ahesabu wajumbe. Akidi ni nusu ya wajumbe wote, na isipotimia kikao hakina uhalali hata kama waliofika ndio wenye busara kuliko wengine. Mwenyekiti asipokuwapo, wajumbe watamchagua mmoja wao aongoze kwa siku hiyo, na jambo hilo liandikwe.

Taarifa za vitongoji ziwe fupi na zenye hesabu: kaya ngapi zimehamia au kuhama, vizazi na vifo vilivyotokea, hali ya chakula, watoto walioacha shule, visima vilivyoharibika, mifugo iliyoibwa. Mwenyekiti wa kitongoji anayekuja kusema tu kwamba hali ni shwari hajawatembelea watu wake. Daftari la wakazi lisahihishwe hapo hapo kutokana na taarifa hizi, maana ndilo litakaloamua baadaye nani ni mkazi wakati wa kugawa ardhi, kupokea chakula cha msaada au kuandikisha wapiga kura.

Hatua ya nne: Andikeni muhtasari unaoweza kusimama mbele ya hakimu

Hapa naomba nikae kwa muda mrefu kidogo. Kitabu cha muhtasari ndicho kumbukumbu ya kijiji. Mwenyekiti atamaliza miaka mitano, mtendaji atahamishwa, wazee walioweka mipaka watazikwa, na kitabu kitabaki. Mdai akienda kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, jambo la kwanza atakaloulizwa ni muhtasari wa kikao kilichompa ardhi anayoidai.

Muhtasari mbovu husomeka hivi: "Suala la eneo la mwombaji lilijadiliwa na wajumbe wakakubali." Sentensi hiyo haisemi ni mwombaji yupi, eneo gani, ukubwa gani, wala wajumbe wangapi walikubali nini. Muhtasari unaofaa utasema kwamba halmashauri, baada ya kupokea taarifa ya wajumbe watatu waliokwenda kuliona eneo, imekubali kwa kura 14 dhidi ya 3 kupeleka mbele ya mkutano mkuu maombi ya mtu fulani, mkazi wa kitongoji fulani, ya ekari 4 katika ardhi ya akiba, zinazopakana na korongo upande wa mashariki, shamba la shule upande wa kusini na barabara ya kwenda kisimani upande wa magharibi na kaskazini. Na kwamba mtendaji atabandika taarifa ya maombi hayo kwenye mbao za matangazo kabla ya tarehe iliyotajwa. Kila uamuzi uwe na vitu vinne: nini kimeamuliwa, nani atatekeleza, lini, na kwa fedha ipi kama inahitajika. Mjumbe aliyepinga akitaka pingamizi lake liandikwe, liandikwe.

Kitabu kiwe kimoja chenye kurasa zilizofungwa na kupewa namba kwa mkono tangu mwanzo, wala si karatasi zinazoingizwa kwenye faili. Rasimu inaweza kuchapwa kwa kompyuta ikiwa ofisi inayo, lakini nakala iliyothibitishwa isainiwe na mwenyekiti na katibu katika kila ukurasa. Makosa yakatwe kwa mstari mmoja na kusainiwa pembeni. Rangi nyeupe ya kufutia isiingie ofisini.

Orodha ya mahudhurio inahitaji uangalifu wa pekee. Katika kijiji kimoja nilikofanya kazi, ambacho sitakitaja, wananchi walioitwa kwenye mkutano wa mradi wa maji walisaini mahudhurio kwenye karatasi tupu isiyo na kichwa cha habari wala tarehe. Miezi kadhaa baadaye karatasi ile ile, yenye majina na sahihi zao halisi, ilionekana ikiwa imeambatanishwa na muhtasari unaosema kwamba mkutano mkuu umeridhia kutoa eneo kubwa la malisho kwa mtu kutoka mjini. Kila aliyesaini alikiri kwamba sahihi ni yake, na hakuna aliyekumbuka mkutano huo. Ilichukua miaka kulirudisha eneo lile, na baadhi ya wafugaji walikuwa wameshahama. Tangu hapo sikuruhusu mtu asaini mahudhurio mahali popote isipokuwa ndani ya kitabu chenyewe, chini ya kichwa kinachotaja aina ya mkutano, tarehe, mahali na ajenda, na mstari hupigwa chini ya jina la mwisho kabla watu hawajatawanyika.

Hatua ya tano: Tunzeni mhuri na barua

Karibu kila siku mtu atafika ofisini akitaka barua ya utambulisho ya kufungulia akaunti ya benki, kuomba kitambulisho cha taifa, kumdhamini ndugu mahakamani, kufuatilia cheti cha kuzaliwa cha mtoto au kuthibitisha kifo kwa ajili ya mirathi. Kazi hii ndiyo wananchi wanayoipimia ofisi, na ni haki yao kuhudumiwa kwa upole na kwa haraka.

Utaratibu ni rahisi. Mhusika aanze kwa mwenyekiti wa kitongoji chake, ambaye atathibitisha kwamba anamfahamu. Mtendaji alinganishe jina na daftari la wakazi. Barua iandikwe ikiwa na namba ya kumbukumbu. Nakala ibaki ofisini. Na maelezo yake yaingizwe katika daftari la barua zinazotoka. Asitozwe fedha yoyote ambayo haimo katika sheria ndogo iliyoidhinishwa, na akitozwa iliyo halali apewe stakabadhi. Mhuri ukae ndani ya kabati lenye kufuli. Usitembee nao mfukoni, usiupeleke msibani, na usigonge mhuri kwenye karatasi ambayo haijaandikwa, hata kwa ndugu yako wa damu anayesema ana haraka ya basi.

Hatua ya sita: Simamieni ardhi kama wadhamini

Kifungu cha 8 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinaipa halmashauri ya kijiji jukumu la kusimamia ardhi ya kijiji, na kinasema wazi kwamba isimamie kama mdhamini anayetunza mali kwa niaba ya wenye mali, ambao ni wanakijiji. Kifungu hicho hicho kinakataza halmashauri kugawa ardhi bila idhini ya awali ya mkutano mkuu. Neno "awali" lina uzito wake: kugawa kwanza na kutafuta baraka baadaye ni kinyume cha sheria.

Ardhi ya kijiji imegawanyika katika sehemu tatu. Kuna ardhi ya matumizi ya pamoja, kama malisho, misitu, makaburi na vyanzo vya maji; kuna ardhi inayokaliwa au kulimwa na mtu, familia au kikundi; na kuna ardhi ya akiba kwa ajili ya kugawiwa baadaye. Maombi ya ardhi yanapokuja, fuateni hatua hizi bila kuruka.

Pokeeni maombi kwa fomu na mwingize tarehe katika daftari, kwa sababu halmashauri inatakiwa kuyatolea uamuzi ndani ya siku 90. Tumeni wajumbe wakaone eneo wakiwa na majirani wa pande zote, na majirani wasaini kwamba mpaka ni huo. Angalieni kama eneo limo katika sehemu ya akiba, kwani ardhi ya matumizi ya pamoja haigawiwi mtu mmoja. Jadilini katika kikao cha halmashauri na kupeleka mapendekezo kwenye mkutano mkuu. Baada ya idhini, mwombaji akikamilisha masharti, andaeni hati ya hakimiliki ya kimila, ambayo husainiwa na mwenyekiti na mtendaji wa kijiji pamoja na mmiliki mwenyewe, kisha hupelekwa kwa afisa ardhi wa wilaya isainiwe, ipigwe mhuri na kusajiliwa. Nakala hutunzwa katika masijala ya ardhi ya kijiji. Hakimiliki ya kimila ina hadhi sawa na ile inayotolewa kwa hati ya serikali mijini, na wananchi waelezwe hivyo, kwa kuwa wengi bado wanaamini kwamba hati ya kijiji ni karatasi tu.

Jina la nani liandikwe katika hati ni swali ambalo wajumbe huliona la ndani ya nyumba na kulikwepa. Wasilikwepe. Kifungu cha 20 cha sheria hiyo kinabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kupata na kutumia ardhi. Mume na mke wanaolima shamba moja waulizwe, wote wawili wakiwepo, kama hati iwe ya pamoja. Shamba la familia linapouzwa, mke aitwe na aulizwe mbele ya mashahidi, na jibu lake liandikwe. Wajane waliofukuzwa katika mashamba niliowapokea ofisini walikuwa wengi kiasi cha kutosha kunifanya niliseme hili bila kuomba radhi.

Mgeni anayekuja na ahadi za uwekezaji apokelewe kwa heshima na apelekwe wilayani kabla hajapelekwa shambani. Halmashauri ya kijiji haina mamlaka ya kumpa ardhi mtu asiye raia, na ahadi ya zahanati iliyotolewa kwa mdomo chini ya mwembe haimfungi mtu.

Hatua ya saba: Shughulikieni migogoro mapema

Kila kijiji kinatakiwa kuwa na baraza la ardhi la kijiji lenye wajumbe 7, watatu kati yao wakiwa wanawake. Halmashauri hupendekeza majina na mkutano mkuu huyaidhinisha. Kikao chake hukamilika kwa wajumbe 4, na angalau wawili kati yao wawe wanawake. Kazi ya baraza hili ni kusuluhisha, si kuhukumu. Halimfungi mtu wala kumtoza faini. Wahusika wasiporidhika huenda katika baraza la kata, ambalo tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 nalo linasuluhisha tu, na usuluhishi ukishindikana shauri huenda katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Mgogoro unaohitaji wepesi kuliko yote ni wa mifugo kuingia shambani. Ukichelewa siku moja, vijana wa pande mbili wameshakutana na silaha. Vijiji vya Kilosa havijasahau mauaji ya Rudewa Mbuyuni ya Desemba 2000, yaliyochukua roho za watu zaidi ya 30. Taarifa ikifika, mwenyekiti wa kitongoji na mjumbe wa kamati ya ulinzi na usalama waende eneo la tukio siku hiyo hiyo, wakiwa na mwakilishi wa wakulima na wa wafugaji. Mifugo isipigwe wala kukatwa. Afisa ugani aitwe kutathmini hasara kwa kuhesabu eneo lililoliwa na hatua ya mazao, na tathmini iandikwe na kusainiwa na pande zote. Malipo yafanyike ofisini, mbele ya mashahidi, na yaandikwe. Nasisitiza ofisini, kwa sababu fidia inayolipwa kichakani kwa kiongozi mmoja ndiyo inayozaa manung'uniko ya kwamba viongozi wamenunuliwa.

Jambo likiwa la jinai, kama kujeruhi, kubaka au kuiba, halmashauri haina mamlaka ya kulimaliza kwa usuluhishi. Mgambo akimkamata mtu, amkabidhi polisi haraka iwezekanavyo.

Hatua ya nane: Tunzeni fedha hadharani

Mapato ya kijiji hutokana na ada na ushuru unaoruhusiwa, faini za sheria ndogo, kodi za majengo na maeneo ya kijiji, michango, ruzuku, na katika baadhi ya maeneo mazao ya msitu wa kijiji, kama ilivyo kwa vijiji vya wilaya ya Kilwa vinavyovuna na kuuza mbao kutoka misitu vinayoihifadhi vyenyewe. Kila shilingi inayoingia ikatiwe stakabadhi siku hiyo hiyo, ipelekwe benki bila kutumiwa kwanza, na itolewe kwa hundi au hati yenye sahihi za zaidi ya mtu mmoja baada ya halmashauri kuidhinisha. Fedha isitumike ikiwa mkononi, hata kwa mafuta ya pikipiki ya kumpeleka mgonjwa. Kwa dharura kama hizo tengeni kiasi kidogo kinachojulikana na kinachotolewa hesabu kila mwezi.

Kutoza faini bila sheria ndogo ni kuwaonea watu. Sheria ndogo huanza kwa rasimu ya halmashauri ya kijiji, hujadiliwa katika mkutano mkuu, kisha hupelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa, na mpaka iidhinishwe haina nguvu. Kijiji kinachotaka kuzuia uchomaji wa moto au mbuzi kuzurura wakati wa kilimo kianze mchakato huo mapema, kwani unaweza kupita msimu mzima.

Mwisho wa kila mwezi kamati ya fedha ilinganishe stakabadhi, daftari na taarifa ya benki, na jumla zibandikwe kwenye mbao za matangazo kwa maandishi makubwa yanayosomeka. Watu wataziangalia. Wengine watauliza maswali makali, na maswali hayo ni afya.

Hatua ya tisa: Pangeni kazi za maendeleo kwa kalenda ya serikali

Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Mpango wa kijiji unaopelekwa Mei umechelewa, kwa sababu vikao vya kata na wilaya vya kujumuisha bajeti hufanyika miezi mingi kabla ya hapo. Anzeni kuibua vipaumbele katika vitongoji mara baada ya mavuno, kwa utaratibu wa fursa na vikwazo kwa maendeleo ambao maafisa wa kata wanaufahamu, muanze na kile kijiji kinachoweza kufanya chenyewe kabla ya kuorodhesha maombi. Vipaumbele vitatu vilivyo wazi vina nafasi kubwa kuliko kumi na tano vilivyopangwa bila mpangilio. Mkutano mkuu uvipitishe, viende katika kamati ya maendeleo ya kata, na mwenyekiti amfuatilie diwani mpaka viingie wilayani.

Michango ya ujenzi wa madarasa au zahanati iamuliwe na mkutano mkuu, ikitaja kiasi, muda, na kaya zinazosamehewa, zikiwamo za wazee wasiojiweza. Asiye na fedha aruhusiwe kuchangia nguvu kazi, mchanga au maji, na thamani yake iandikwe kama fedha inavyoandikwa.

Hatua ya kumi: Fanyeni mkutano mkuu kila baada ya miezi mitatu

Mkutano mkuu wa kawaida hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Vijiji vingi huuahirisha kwa kisingizio kwamba watu hawahudhurii, na ukweli ni kwamba watu huacha kuhudhuria wanapoona mkutano hauna la kwao. Pigeni mbiu ya mgambo siku mbili kabla, tangazeni misikitini, makanisani, shuleni na gulioni, na muwaambie ajenda, si siku tu. Mahali pawe na kivuli na pafikike kwa wazee. Saa iwe ile ambayo akina mama wanaweza kufika. Mkutano wa saa kumi jioni wakati wa kuteka maji na kupika unawaacha nje, hata kama hakuna aliyewazuia.

Taarifa ya mapato na matumizi isomwe kwanza, wakati watu wangali wachangamfu. Majina ya waombaji wa ardhi yasomwe moja moja na watu waulizwe kama kuna pingamizi. Vivyo hivyo kwa orodha ya kaya maskini inayopelekwa katika mpango wa TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii: isomwe kwa sauti mbele ya wote, kwa sababu majirani wanajua nani ana ng'ombe na nani analala njaa. Kura za kunyoosha mikono zihesabiwe na watu wawili tofauti, na idadi iandikwe. Mwenyekiti amwite kwa jina mtu aliyekaa nyuma na hajasema neno, hasa kijana au mama, amuulize maoni yake, na asubiri jibu.

Kabla ya kufunga, katibu asome maazimio yote kwa sauti kutoka katika kitabu, na mkutano useme kama ndivyo ulivyoamua. Penye kosa parekebishwe hapo hapo. Mwenyekiti na katibu wasaini wananchi wakiwa bado wamekaa, nakala iandaliwe kwa ajili ya mtendaji wa kata, na nyingine ibandikwe kwenye mbao za matangazo asubuhi inayofuata. Kisha pigeni mstari katika nafasi iliyobaki wazi chini ya sahihi ya mwisho, funga kitabu, na kirudi kabatini siku hiyo hiyo, kabla giza halijaingia.